Mguinea wa Tanga

Kwa miaka kumi kasoro miezi miwili, Shamshad Noordin, mzaliwa wa Tanga, alikuwa Mguinea pekee katika Klabu ya Akina Mama wa Jumamosi ya Toronto. Hakuwahi kufika Guinea ya Ikweta. Hakuwahi hata kusema kwamba anatoka huko. Alichofanya ni kutokanusha, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii.

Klabu yenyewe ina historia fupi yenye kelele nyingi. Ilianza mwaka 1993 ndani ya duka la kufulia nguo kwa mashine katika Weston Road, ambako wanawake saba kutoka Chile, Peru, Ekwado na El Salvador walikuwa wakikutana kila Jumamosi kusubiri nguo zao. Mashine za duka lile zilichukua dakika thelathini na nane, muda mrefu kuliko wanawake saba wanavyoweza kukaa kimya. Hortensia Fuentealba, Mchile mwenye sauti ya kuitia watoto ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeandika katiba, nyuma ya boksi la sabuni ya unga. Ilikuwa na vifungu vitano. Kifungu cha tatu kilisema mwanachama sharti awe amezaliwa katika nchi inayozungumza Kihispania. Boksi lile lilitiwa kwenye fremu, na kila klabu ilipohamia ukumbi mpya, boksi lilitangulia.

Shamshad alikuwa na Kihispania. Nchi ndiyo hakuwa nayo.

Yeye na mumewe Nasrudin walifika Toronto mwaka 1974 na masanduku manne. Nasrudin alipata kazi ya ukarani. Shamshad alipata cherehani katika kiwanda cha makoti ya kike karibu na Spadina, kazi yake kushona bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Kushoto kwake aliketi Mchile, kulia Mchile, mbele mwanamke wa Ekwado. Kiingereza alichofundishwa shuleni Tanga kilikuwa cha kumwulizia malkia hali yake, na malkia hakuwa zamu ya asubuhi. Basi kwa miaka kumi na tisa alisikia Kihispania saa nane kwa siku, na kilimwingia kama kilivyokuwa: na vichekesho vyake, na malalamiko juu ya waume, na matusi, hasa yale ya kumtukania msimamizi akiwa amesimama nyuma yako na kudhani mnaimba.

Kiwanda kilipofungwa, Kihispania kilikaa kimya ndani yake kwa miaka kumi. Kilitoka siku moja tu, ndani ya basi la Eglinton, Machi 2003, wiki tano baada ya kumzika Nasrudin. Mbele yake alisimama mwanamke mnene mwenye mfuko wa viazi. Basi lilifunga breki, mfuko ukapasuka, na viazi vikabiringika mpaka kwa dereva. Yule mwanamke alitoa tusi refu la Kichile, akaishia katikati kwa kukosa pumzi. Shamshad akalimalizia.

Mwanamke akageuka. Alikuwa Hortensia.

"Hiyo sehemu ya pili umejifunza wapi?"

"Kwenye bitana."

Hortensia hakuelewa, lakini hakujali. "Jumamosi huwa unafanya nini?"

"Nalia."

"Basi utakuja kulia kwetu. Tuna keki."

Alikwenda. Aliendelea kwenda, na kulia hakukupata nafasi. Tarehe saba Juni mwaka ule akaandikishwa rasmi. Katibu wa klabu alikuwa Ofelia Chumpitaz, mwalimu mstaafu kutoka Lima, mwanamke nadhifu aliyechonga penseli zake kwa kisu na kuzipanga kwa urefu.

"Unatoka wapi, bibi?" aliuliza Ofelia.

"Afrika," alisema Shamshad, akameza keki ili aendelee.

Hakupata nafasi ya kuendelea. Ofelia alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja anajua kwamba katika Afrika nzima iko nchi moja tu inayozungumza Kihispania. Aliandika *Guinea ya Ikweta*, akapiga mstari kwa rula, akaita, "Anayefuata!" Sura ya Shamshad, ya watu wa Kutch kule India, haikumshangaza. Babu yake Ofelia mwenyewe alikuwa Mchina, na wa Hortensia Mjerumani. Katika klabu ile hakuna aliyeulizwa pua yake ilitoka wapi.

Shamshad aliona kosa dakika ileile, kichwa chini, kwa kuwa daftari lilikuwa upande wa pili wa meza. Aliinua kidole ili aseme. Macho yake yakaangukia boksi la sabuni ukutani, kifungu cha tatu. Akasoma mara mbili. Halafu akatazama chumba: wanawake kumi na wanane wakizungumza wote kwa pamoja, na hata mmoja hajui kuwa yeye ni mjane wa kuhurumiwa. Akashusha kidole, akachukua kipande kingine cha keki.

Jumatatu alikwenda maktaba ya Mount Dennis kuisoma nchi yake.

Alijifunza kwamba mji mkuu ni Malabo, nao uko kisiwani. Alijifunza kwamba uhuru ulipatikana tarehe kumi na mbili Oktoba 1968, na klabu ikaanza kumletea maua kila tarehe hiyo, naye akiwashukuru kwa hotuba. Mahali ambapo vitabu viliishia, Tanga iliendelea. Alipoombwa chakula cha kwao alipika vitumbua. Wanawake walivipenda mno, na kabla mwaka haujaisha akina mama wa Peru walikuwa wakiloweka mchele Ijumaa usiku ili wakaange "vitumbua vya Malabo". Alipoombwa ngoma ya kwao aliwafundisha chakacha, aliyoijua tangu utoto kutokana na harusi za majirani. Alifunga leso kiunoni, akaonyesha jinsi kiuno kinavyofanya kazi huku mabega yakijifanya hayakijui, na kuanzia hapo hakuna siku ya kuzaliwa ya mwanachama iliyopita bila wanawake wa nchi sita kucheza "ngoma ya kisiwani".

Ijumaa alikuwa jamatkhana, akisali na Waismailia wenzake. Jumamosi alikuwa Guinea ya Ikweta. Kati ya hizo mbili alilala vizuri, jambo ambalo mwanawe Zeena hakulielewa. Zeena alizaliwa Toronto, anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza.

"Mama, siku moja atatokea mtu wa huko," alimwambia.

"Wako wangapi duniani?"

"Karibu milioni moja."

"Na Toronto?"

Zeena akaanza kuhesabu kwa vidole. Shamshad alichukulia kwamba amemshinda.

Mtu wa huko alitokea mwanzoni mwa Aprili 2013. Alikuwa Adelina Obono, mwenye miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bata, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee. Hortensia alimpata kliniki, kwenye foleni, na kabla foleni haijasogea alikwishamwandikisha. Alipiga simu kwa Shamshad jioni hiyo kwa sauti ambayo Zeena aliisikia kutoka jikoni.

"Chamchad!" Katika midomo ya Kihispania ya klabu, kila sh iligeuka ch. "Kaa chini! Nimekupatia mtu wa kwenu!"

Shamshad alikuwa amekwisha kaa.

Mambo yalikuwa mabaya kuliko yalivyosikika. Klabu ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na Ofelia alikuwa anaandika kitabu cha historia yake, kila nchi kurasa tatu: watu wake, mapishi yake, ngoma yake. Kurasa za Guinea ya Ikweta zilikuwa tayari. Zilikuwa na picha ya Shamshad ameinama juu ya karai la vitumbua, na maelezo ya hatua za chakacha yenye vishale. Kitabu kingekwenda kiwanda cha uchapaji tarehe ishirini na mbili Aprili.

Jumamosi ya kwanza Shamshad alisema ana mafua. Hortensia alimpelekea supu. Ya pili alisema goti. Hortensia alituma dawa ya kuchua, supu nyingine, na salamu za Adelina, ambaye kwa wiki mbili alikuwa anakaa peke yake kwenye meza yenye bendera ya nchi yake. Shamshad alikunywa supu akiitazama theluji ya mwisho ikiyeyuka barazani. Alikuwa na miaka sitini na saba. Alihesabu vitu ambavyo angeweza kuishi bila, vikawa vingi. Klabu haikuwamo.

"Waambie tu," Zeena alisema kwa Kiingereza.

"Kifungu cha tatu."

"Mama, ni boksi la sabuni."

"Hata hilo lina sheria."

Jumamosi ya tatu, tarehe ishirini Aprili, hakupewa nafasi ya kuugua. Saa nane na robo mchana kengele ya mlango wa chini ilipigwa, na Hortensia akatangaza kwamba, kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda klabu, klabu imekuja kwa mgonjwa. Wanachama ishirini na mmoja walipanda ghorofa ya tisa kwa lifti inayobeba watu saba, kwa safari tatu, na sufuria.

Safari tatu zilimpa Shamshad dakika nne. Alikimbia sebuleni kwa goti ambalo ghafla lilikuwa zima. Ukutani palikuwa na picha ya mwaka 1958 ya duka la baba yake, baba mwenyewe mlangoni, na juu yake kibao chenye neno TANGA kwa herufi za kimo cha mtoto. Aliing'oa, akaisukumiza chini ya mto wa kochi. Mlango ukafunguka. Hortensia aliingia wa kwanza, akambusu, akapepesuka kwa uchovu wa kusimama ndani ya lifti, akaketi barabara juu ya Tanga.

"Goti liko wapi?" aliuliza.

"Hili."

"Juzi lilikuwa la kushoto."

"Linahama."

Sebule ilijaa, korido ikajaa, wawili wakakaa juu ya beseni la kuogea lililofunikwa ubao. Adelina alisukumwa mbele. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya kucheka, na alimshika Shamshad mikono yote miwili kwa heshima.

"Shikamoo" ndilo neno lililomjia Shamshad mdomoni, akalirudisha. Mkubwa alikuwa yeye, na lugha haikuwa hiyo.

"Mama," alisema Adelina kwa Kihispania, "nimesikia sifa zako mpaka nimeogopa."

"Nami vilevile," alisema Shamshad, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Ngoma!" alipaza sauti Nidia Orellana, Msalvador mfupi ambaye hakuwahi kukaa mahali zaidi ya dakika tano bila kudai muziki. "Tumwonyeshe Adelina ngoma yao!"

Meza ilisukumwa. Leso zilitoka kwenye mikoba. Wanachama walitembea nazo. Wanawake kumi na wawili walijipanga kati ya kochi na televisheni, Nidia akapiga sinia, na chakacha ikaanza. Ilikuwa chakacha ya kweli, hilo lazima lisemwe. Viuno vya Lima, San Salvador na Valparaíso vilizunguka kwa nidhamu, mabega yakatulia, na jirani wa ghorofa ya nane akagonga dari yake kwa ufagio akifuata mapigo bila kujua.

Adelina alitazama. Alitazama kwa makini ya mtu anayetafuta kitu chake ndani ya sanduku la mwingine. Kisha akamwinamia Shamshad sikioni.

"Mama, samahani. Hii ni ya wapi?"

"Tanga."

"Tanga iko mkoa gani kwetu?"

"Haiko kwenu."

Adelina alimtazama, kisha akatazama vile viuno. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokibana, na machozi yakamtoka. Hortensia alisimamisha ngoma.

"Mnaona? Amekumbuka nyumbani! Adelina, mwanangu, ndivyo mnavyocheza?"

Chumba kizima kilisubiri. Shamshad alitazama zulia.

"Sisi wa Bata hatuchezi hivi," Adelina alisema polepole, akijipangusa. "Lakini Bata ni bara. Huenda kule kisiwani."

Alikuwa ameokoka. Shamshad akaanza kuhesabu vikombe vya chai. Mambo yangeweza kuishia hapo, na yangeishia, kama Ofelia hangekuwa mtu wa kuhakikisha. Alitoa kwenye mkoba wake kurasa tatu zilizopigwa chapa na penseli ndefu kuliko zote.

"Vizuri sana," alisema. "Kitabu kinakwenda kiwandani Jumatatu. Sasa tuna Waguinea wawili. Mmoja ameeleza, mwingine atathibitisha. Adelina, weka sahihi hapa chini, kwamba mambo haya ni ya nchi yako."

Adelina alizipokea kurasa. Alisoma mapishi. Alisoma vishale. Akamtazama Shamshad, akashika penseli, na ilikuwa wazi kwamba atatia sahihi. Angeapa kwamba mama yake mzazi hucheza chakacha, kwa ajili ya mwanamke aliyemjua kwa robo saa.

"Usiandike," alisema Shamshad. "Hortensia, inuka."

"Kwa nini?"

"Umekalia kwetu."

Alivuta picha kutoka chini ya mto, akaiinua wote waione, akasema yote kwa pumzi moja: Tanga, Tanzania, bitana, keki, kidole alichokishusha. Hakupunguza kitu. 

"Vitumbua?" alipiga kelele Nidia. "Nimepika vitumbua mia mbili harusi ya mwanangu! Nimesimama mbele ya wakwe nikatoa hotuba juu ya Malabo! Nimelia!"

"Ilikuwa hotuba nzuri," alisema Shamshad.

"Na maua?" alisema Hortensia. "Kila Oktoba! Mara kumi!"

"Niliyapenda sana."

Ofelia alikuwa ameketi wima, amepauka. "Miaka thelathini na moja," alisema. "Darasa la nne mpaka la kumi na moja."

"Ndiyo sababu ulikosea, mwalimu. Mtu asiyejua angeniuliza."

Ofelia alifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu Shamshad amjue akaonekana akizuia kicheko. Lakini sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyeitunza. Alitangaza kwamba Bibi Shamshad, kwa kifungu cha tatu, si mwanachama na hakuwahi kuwa. Njia ilikuwa moja: kubadilisha kifungu, kwa kura ya siri, bila hata kura moja ya kupinga. Klabu hupiga kura kwa maharage, meupe ya ndiyo na meusi ya hapana. Jikoni kwa Shamshad hamkuwa na maharage meupe wala meusi. Mlikuwa na choroko na mbaazi. Ikaamuliwa choroko ni ndiyo, mbaazi ni hapana, na birika lifunikwe kwa kitambaa. Shamshad alitakiwa atoke. Alikwenda kusimama barazani, kwenye baridi, amejifunga leso, mgongo kwenye kioo. Pale, anasema, alisali kidogo, kisha akakumbuka kwamba supu iko motoni, akashindwa kurudi ndani kuizima.

Ofelia alimwaga birika juu ya sinia. Choroko ishirini. Mbaazi moja.

Ofelia akazihesabu tena. Halafu Nidia akainua mkono.

"Ni yangu."

"Kura ni ya siri!" alisema Ofelia.

"Siri gani, wote mnanitazama. Sina neno na Chamchad. Nampenda kuliko dada zangu. Lakini nina wifi, Mbrazili, anakaa mlango wa pili, anakuja kwangu siku sita kwa wiki. Hapa tu ndipo hafiki. Kifungu hicho kiliandikwa kumzuia yeye!"

"Kweli," alikiri Hortensia. "Mimi ndiye niliyekiandika, na huyu alinishikia boksi."

"Mkikifungua, Jumamosi ijayo yuko mlangoni na gitaa."

Jambo hilo lilichukuliwa kwa uzito unaostahili. Mmoja alipendekeza kifungu kiongezewe maneno "au Afrika". Nidia alikataa: baba wa wifi yake alizaliwa Angola, watapata njia. "Au Tanzania," alisema mwingine. Nidia alifikiri, akauliza Tanzania ina watu wangapi. Ofelia alimjibu bila kufungua kitabu. Nidia akapiga mluzi, akasema ni wengi mno, katika watu hao wote hatakosekana mmoja wa kujuana na wifi. Wakapunguza. Walipunguza kama wanunuzi sokoni, kwa kelele, mpaka Ofelia akachonga penseli na kusoma alichoandika: mwanachama sharti awe amezaliwa katika nchi inayozungumza Kihispania, au Tanga.

"Tanga mjini," alisema Nidia.

"Tanga mjini," aliandika Ofelia.

Kura ya pili ilichukua dakika tatu. Choroko ishirini na moja. Hortensia aligonga kioo cha baraza kwa pete, na kabla Shamshad hajageuka vizuri alikuwa ameshavutwa ndani na mikono isiyohesabika, akibusiwa mashavu yote mawili na kuitwa mwongo, jambazi, Mtanga. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Goti halikumzuia.

Aliandikishwa upya saa kumi na dakika ishirini na tano, mwanachama wa ishirini na mbili, mpya kuliko wote. Kwa desturi ya klabu, kuosha sufuria za siku ni kazi ya mwanachama mpya mpaka apatikane mwingine mpya kuliko yeye. Siku hiyo zilikuwa kumi na nne. Adelina alikuwa amekwisha fungua aproni aliyokuwa ameivaa Jumamosi tatu, na sasa alikuwa anamfunga Shamshad kiunoni, mafundo mawili, kwa haraka isiyofichika.

"Mwanangu," alisema Shamshad, "nami nilidhani umenionea huruma."

"Kidogo, mama," alisema Adelina. "Lakini choroko yangu ilikuwa tayari tangu Ofelia aliposema hukuwahi kuwa mwanachama."